Kazi Moja, Mishahara Mitatu: Haki ya Ujira Kati ya Githurai na Thika

Githurai ni mtaa mmoja wenye majina mawili. Upande mmoja wa Barabara Kuu ya Thika ni Githurai 44, iliyo Kaunti ya Nairobi. Ng'ambo yake ni 45, iliyo Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Nambari zenyewe ni za matatu. Fungu la sukuma wiki halina bei mbili, na mvua ikinyesha pande zote hukanyaga matope yale yale. Kinachobadilika ukivuka barabara ni kima cha chini cha mshahara. Agizo la mishahara lililoanza kutumika tarehe 1 Novemba 2024 linasema kwamba mfanyakazi wa kawaida jijini Nairobi asilipwe chini ya shilingi 16,114 kwa mwezi. Mwenzake wa Ruiru, anayefagia ghala la ukubwa ule ule, kima chake ni shilingi 14,867. Pita Thika, utoke nje ya iliyokuwa manispaa uingie Gatanga, Kaunti ya Murang'a, na kima kinashuka hadi shilingi 8,596.

Hapo hakuna mwajiri aliyevunja sheria. Hiyo ndiyo sheria yenyewe. Na ni sheria ya nchi ambayo Katiba yake inamwahidi kila mfanyakazi ujira wa haki, na ambayo Bunge lake limeamuru malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Ahadi hizo mbili zinaishije pamoja na mishahara mitatu kwenye barabara moja?

Jibu la haraka ni kwamba waajiri ni wakorofi na serikali imelala. Lina ukweli wake, lakini halitoshi. Haki ya malipo sawa ni haki ya kulinganishwa: mtu hudai usawa kwa kuonyesha mwenzake. Katika ukanda wa Thika na Ruiru, ujira umepangwa kwa mipaka inayozuia ulinganisho huo usifanyike kabisa: mpaka wa eneo, wa shamba na kiwanda, wa kibarua na wa kudumu, wa kazi za wanawake na za wanaume. Anayedai haki yake hushindwa kabla hajafika kortini, kwa kuwa hana wa kujilinganisha naye.

Haki mbili katika jina moja

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira mazuri ya kazi, kujiunga na chama cha wafanyakazi na kugoma. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi na kusema kwamba wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa, pamoja na kupewa nafasi sawa za kiuchumi. Kabla ya Katiba hiyo, Sheria ya Ajira ya 2007 ilikuwa imeshaamuru katika kifungu chake cha 5 kwamba mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa.

Tukizisoma kwa makini, hizi ni haki mbili. Ya kwanza inauliza: je, malipo haya yanamtosha binadamu? Kipimo chake ni kima cha chini kinachotangazwa chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2007, na mkataba wowote unaoahidi pungufu ya kima hicho hauna nguvu. Ya pili inauliza: je, malipo haya yanalingana na ya mwenzako? Kipimo chake ni mtu mwingine. Kiwanda kinaweza kutimiza moja na kuvunja nyingine. Kinaweza kuwalipa wote sawasawa chini ya kima cha chini, au kumlipa kila mtu juu ya kima hicho huku wanawake wakipata robo pungufu kuliko wanaume.

Sheria imefafanua ujira kwa upana: malipo yote yanayotokana na ajira, yawe ya pesa au ya vitu. Ufafanuzi huo una uzito, maana pengo la mishahara halikai kwenye mshahara wa msingi peke yake. Mwajiri ana wajibu wa kumpa mfanyakazi makao yanayofaa au kumwongezea pesa za kodi, na Agizo la Jumla la Mishahara limeweka marupurupu hayo ya nyumba kuwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwa hiyo kima halisi cha Ruiru na Thika ni takriban shilingi 17,097. Agizo hilo hilo linaweka wiki ya kazi kuwa saa 52 kwa siku sita, ovataimu ya siku za kawaida ilipwe mara moja na nusu, na ya siku ya mapumziko au sikukuu mara mbili. Wawili wenye mshahara mmoja wa msingi wanaweza kutengana kwa maelfu ikiwa mmoja hupewa zamu za ovataimu na mwingine hapewi, au mmoja hulipwa nyumba na mwingine akaambiwa kwamba nyumba imo humo humo.

Mizizi ya pengo

Reli ilifika Thika mwaka 1913, na kuanzia Ruiru hadi Thika nchi ikajaa mashamba ya kahawa na mkonge ya walowezi. Mashamba yalihitaji mikono mingi kwa bei ndogo. Mwaka 1921 walowezi walipoafikiana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, malalamiko yaliyozuka ndiyo yaliyompa nguvu Harry Thuku, aliyepinga pia wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya kahawa. Kukamatwa kwake kulizaa maandamano ya Nairobi ya Machi 1922, ambako watu wengi waliuawa kwa risasi.

Serikali ya kikoloni ililipa kwa rangi bila kuficha. Tume ya Holmes ya 1948 iliidhinisha kanuni ya tatu kwa tano: asiye Mzungu katika utumishi wa serikali alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu mwenye cheo kile kile. Tume ya Lidbury ya 1954 ndiyo iliyoipendekezea kaburi kanuni hiyo. Mwaka huo huo kamati ya Carpenter iliyochunguza mishahara ya Waafrika ilikiri jambo ambalo halijaisha hadi leo: ujira ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke, kana kwamba familia yake inalishwa na shamba la nyumbani.

Dhana hiyo ya shamba la nyumbani bado inasikika katika mgawanyo wa maeneo. Kima cha "maeneo mengine yote" kinakaribia nusu ya kile cha Nairobi, na hoja inayokiegemeza ni kwamba maisha ya mashambani ni nafuu kwa kuwa mtu ana mahali pa kuchuma mboga. Inaweza kuwa kweli kwa baadhi ya watu. Si kweli kwa mpangaji wa chumba cha mabati aliyetoka Kitui au Busia akaja kutafuta kazi kando ya Barabara ya Thika.

Kenya iliridhia mkataba wa Shirika la Kazi Duniani nambari 100 wa 1951 kuhusu malipo sawa, pamoja na ule wa nambari 111 dhidi ya ubaguzi kazini, mnamo Mei 2001, nusu karne baada ya ule wa kwanza kuandikwa. Sheria ya 2007 na Katiba ya 2010 zilifuata. Kwa maandishi, rangi na jinsia ziliondolewa katika hesabu ya mshahara. Mipaka mingine ilibaki.

Ramani iliyopitwa na wakati

Agizo la Jumla linagawa nchi katika makundi matatu. La kwanza ni la majiji yakiwemo Nairobi, Mombasa na Kisumu. La pili ni la zilizokuwa manispaa, pamoja na yaliyokuwa mabaraza ya miji ya Mavoko, Ruiru na Limuru. La tatu ni kwingine kote. Thika imo katika kundi la pili kwa umanispaa wake wa zamani. Ruiru imetajwa kwa jina.

Mabaraza hayo yalikufa na Katiba mpya, serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, lakini mizimu yao ndiyo inayopanga mishahara. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru na 397,957 mjini Kisumu. Ruiru, yenye watu wengi zaidi na iliyobanana na Nairobi, iko kundi la pili. Kisumu iko la kwanza. Barabara Kuu ya Thika iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012 iligeuza Ruiru kuwa chumba cha kulala cha Nairobi na, kwa viwanda vyake na mji mpya wa Tatu City uliojengwa katika mashamba ya zamani ya kahawa, mahali pa kazi pia. Kodi za nyumba zilipanda na lami. Kundi la mshahara halikupanda.

Kuna jambo jingine ambalo husahauliwa kila Mei Mosi. Nyongeza hutangazwa kwa asilimia: 12 mwaka 2022, 6 mwaka 2024. Umati hupiga makofi, lakini asilimia moja ikitumika kwa makundi yote, pengo la shilingi hupanuka. Kabla ya nyongeza ya 2024, mfanyakazi wa kawaida wa Ruiru aliachwa na wa Nairobi kwa shilingi 1,176 kwa mwezi. Baada yake, kwa shilingi 1,247. Ukiongeza marupurupu ya nyumba, tofauti ni zaidi ya shilingi 17,000 kwa mwaka. Hiyo ni pesa ya sare, viatu na vitabu vya mtoto.

Je, huu ni ubaguzi kisheria? Sheria ya Ajira inataja misingi ya ubaguzi: rangi, jinsia, lugha, dini, maoni ya kisiasa, utaifa, kabila au asili ya kijamii, ulemavu, ujauzito, hali ya virusi vya Ukimwi na kadhalika. Mahali pa kazi hapamo. Mfanyakazi wa Githurai 45 hawezi kumshtaki mwajiri wake kwa kutolipa kima cha Githurai 44.

Shamba, kiwanda na debe

Mpaka wa pili hauhitaji kuvuka barabara. Kilimo kina agizo lake la mishahara, na chini yake mfanyakazi asiye na ujuzi ana kima cha takriban shilingi 7,997 kwa mwezi, popote alipo nchini. Ina maana kwamba nanasi likiwa shambani, mkono unaolichuma una sakafu moja. Likiingia kiwandani Thika, mkono unaolimenya una sakafu inayokaribia maradufu. Katika kampuni zenye mkataba wa pamoja na chama cha wafanyakazi, malipo halisi huwa juu ya sakafu zote mbili, na watetezi wa agizo la kilimo husema kwamba mfanyakazi wa shamba mara nyingi hupewa nyumba. Hata hivyo mazungumzo ya mshahara huanzia kwenye sakafu, na anayeanzia chini hufika chini.

Thika ina historia yake katika jambo hili. Mwishoni mwa 1999 Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni shirika lisilo la kiserikali, ilishirikiana na wanaharakati wa Italia katika kampeni ya kususia mananasi ya Del Monte, wakilalamikia ujira na hali za wafanyakazi, hasa wale wa msimu. Mwaka 2001 kampeni ikaisha kwa makubaliano. Kilichoifanya ifaulu kinafaa kukumbukwa: wanunuzi wa Ulaya walianza kuuliza maswali ambayo kibarua wa Thika alikuwa akiyauliza miaka mingi bila kujibiwa.

Chini ya shamba kuna debe. Mchumaji wa kahawa hulipwa kwa debe analojaza, kama vile fundi wa nguo anavyoweza kulipwa kwa kila vazi alilomaliza. Malipo ya namna hii yanaonekana kuwa ya haki kuliko yote, kwa kuwa kila mtu hupata jasho lake. Lakini debe halijui kwamba mmoja amepewa mistari ya mibuni iliyojaa na mwingine iliyokwishachumwa, wala kwamba mama mwenye mtoto mgongoni alianza saa moja baadaye. Kisheria, anayelipwa kwa kipimo yuko pabaya zaidi. Mwaka 2017, katika kesi ya wavuna chumvi wa pwani dhidi ya kampuni ya Krystalline Salt, Mahakama ya Rufaa ilitofautisha kibarua na mtu anayelipwa kwa kipimo cha kazi, na wavuna chumvi hao hawakufaulu kupata haki za mwajiriwa wa muda mrefu. Mchumaji wa Ruiru aliyerudi shamba lile lile misimu kumi ana sababu ya kuisoma hukumu hiyo.

Mlango wa nyuma wa mikataba

Mpaka wa tatu hupita katikati ya chumba kimoja. Katika viwanda vingi vya ukanda huu kuna wa kudumu, wa kandarasi, wa wakala na wa kutwa, yule anayesimama getini alfajiri akisubiri kuitwa. Wote wanaweza kuwa kwenye mashine zinazofuatana.

Sheria iliuona ujanja huu. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi, au akipewa kazi ambayo haiwezi kuisha katika jumla ya miezi mitatu, ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mwezi. Siku za mapumziko na sikukuu huhesabiwa ndani ya huo mfululizo. Jibu la baadhi ya waajiri ni kuwasimamisha watu kwa siku chache muda unapokaribia, kisha kuwaita tena, au kuwahamishia wakala ili jina la mwajiri libadilike na kazi ibaki. Katika kesi ya kampuni ya Wrigley mwaka 2013, Jaji James Rika aliweka misingi ya uwakala wa ajira, mmojawapo ukiwa kwamba usitumiwe kumsaidia mwajiri kukwepa wajibu wake kwa wafanyakazi. Lakini msingi wa mahakama haufungui geti la kiwanda. Lazima mtu afungue kesi.

Serikali yenyewe imepitia mlango huo huo. Shule za sekondari msingi zilipoanzishwa mwaka 2023, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) iliajiri walimu wanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Walikuwa wamehitimu, wamesajiliwa, na walifundisha mtaala ule ule na wenzao wa kudumu waliolipwa zaidi ya maradufu. Tarehe 17 Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba TSC haikuwa na mamlaka ya kuwaajiri kama wanagenzi na kwamba haki yao ya kutendewa haki kazini ilikiukwa. Serikali iliahidi ajira ya kudumu kwa walimu 46,000 baada ya migomo. Wahudumu wa afya walioajiriwa kwa mikataba mwaka 2020, wakati wa korona, walipigania jambo hilo hilo: dawa ile ile, zamu ile ile, wadi moja, malipo tofauti. Mwajiri mkuu wa nchi akifanya hivyo, mwenye kiwanda cha Ruiru anajifunza nini?

Thamani ya kazi hupimwa na nani?

Mpaka wa nne ni wa kazi za wanawake na za wanaume. Sheria ingesema "kazi sawa," mwajiri angejitetea kwa urahisi: huyu hupakia, yule huchambua. Ilisema "kazi yenye thamani sawa." Maneno hayo yanamruhusu mchambuzi kujilinganisha na mpakiaji, kwa kupima ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi zao. Ni kifaa chenye nguvu kuliko vyote katika sheria hii, na ndicho kinachotumika kwa nadra.

Ukitaka kuona kwa nini kinahitajika, soma orodha ya kazi ndani ya Agizo la Jumla lenyewe. Ngazi ya chini kabisa imewaweka pamoja mfanyakazi wa kawaida, msafishaji, mfagiaji, mtunza bustani, mtumishi wa nyumbani, tarishi, mlinzi wa mchana na yaya. Ngazi inayofuata juu yake ina mchimba madini, mkata mawe, mpishi, mhudumu wa hotelini na utingo wa lori. Sipunguzi jasho la utingo, wala la mkata mawe wa machimbo ya Ndarugo. Lakini nani alipima akaona kwamba anayekabidhiwa mtoto mchanga siku nzima ana wajibu mdogo kuliko anayekabidhiwa turubai la lori? Orodha hii ilirithiwa, na ilirithi macho ya waliodhani kwamba kazi ambayo wanawake huifanya bure nyumbani haina ujuzi.

Viwandani hali hufanana. Wanawake hujaa kwenye kuchambua, kumenya, kufungasha na kushona. Wanaume kwenye mashine, magari na kupakia. Kila kundi hulipwa sawa ndani yake, na pengo huonekana kama tofauti ya kazi.

Kwa muda mrefu Thika imeitwa Birmingham ya Kenya kwa wingi wa viwanda vyake. Birmingham yenyewe ina somo. Baraza la jiji hilo la Uingereza liliwalipa bonasi wanaume wa kuzoa taka na kazi nyingine za nje, huku wapishi, wasafishaji na watunza wagonjwa, wengi wao wanawake, wakiwa daraja moja nao bila bonasi hizo. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wafanyakazi 174 waliokuwa wameacha kazi kuendelea na madai yao. Madai yaliongezeka mwaka baada ya mwaka, na Septemba 2023 baraza hilo lilitangaza kwamba halimudu matumizi yake, likikadiria deni la malipo sawa kuwa hadi pauni milioni 760. Huenda hakuna aliyekuwa na nia ya kuwapunja wapishi. Palikuwa na madaraja yaliyopangwa zamani, bonasi zilizofuata desturi, na hesabu ambayo haikufanywa hadi mahakama ilipoilazimisha.

Mahakama imesema nini

Kesi za malipo sawa nchini Kenya ni chache, lakini zinafundisha. Mwaka 2013 mahakama ilimpa ushindi mwanamke aliyekuwa mfanyakazi wa chuo kikuu kimoja jijini Nairobi, aliyewekwa kwenye ukibarua na mikataba mifupi kwa sababu ya kuishi na virusi vya Ukimwi, akilipwa pungufu kuliko wenzake wa kazi ile ile. Fidia yake ilikaribia shilingi milioni 7. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba meneja Mwafrika katika ranchi ya Ol Pejeta, Laikipia, alibaguliwa kwa rangi katika mshahara. Miaka 63 baada ya Lidbury, tatu kwa tano ilikuwa bado inatafuta pa kujificha.

Kesi ya tatu iliisha vingine. Madaktari watafiti sita wa Kenya waliokuwa katika mpango wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) huko Kilifi walidai kwamba walilipwa na kutendewa vibaya kuliko watafiti wa kigeni. Mwaka 2014 mahakama iliwapa shilingi milioni 5 kila mmoja. Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo, na Januari 2020 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo: ushahidi wa ubaguzi haukutosha.

Kilichotenganisha ushindi na kushindwa ni ulinganisho. Sheria ya Ajira inamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua, lakini Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba mlalamishi ndiye huanza. Lazima kwanza aweke mezani ushahidi unaohitaji kujibiwa. Ushahidi huo ni mshahara wa mwenzake, na mshahara wa mwenzake ni siri ya ofisi. Kama madaktari watafiti hawakuupata wa kutosha, mshonaji wa Thika ataupata wapi?

Hapa sheria inajikwaa yenyewe. Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ajira kinamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi taarifa ya maandishi ya mshahara na makato yake, kisha kinawatoa nje kibarua, anayelipwa kwa kipimo, na aliyeajiriwa kwa muda usiozidi miezi sita. Wanaohitaji karatasi kuliko wote ndio walionyimwa karatasi.

Kinachowezekana

Waajiri wana hoja inayostahili kusikilizwa. Viwanda vya nguo vya Thika vimeshindana na mitumba na bidhaa za bei ya chini kutoka nje kwa miongo. Umeme na kodi ni ghali. Na zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wa Kenya wako katika sekta isiyo rasmi, ambako kima cha chini ni hadithi. Kikipandishwa ghafla, wasema, wachache walio ndani ya geti wataungana na wengi walio nje. Hoja hiyo inahusu kiwango cha ujira. Haihusu usawa. Kumlipa mchambuzi sawa na mpakiaji kunahitaji mizani kabla ya kuhitaji pesa, na kampuni isiyoweza kueleza kwa nini wawili wanatofautiana haijui gharama zake yenyewe.

Hatua za kwanza hazisubiri Katiba nyingine. Bunge linaweza kuondoa msamaha wa kifungu cha 20, hasa sasa ambapo ujira wa wengi hupitia M-Pesa na kumbukumbu zake zipo. Mabaraza ya mishahara, wanamoketi wawakilishi wa serikali, waajiri na vyama, yanaweza kupendekeza makundi ya maeneo yanayofuata sensa na kodi za nyumba badala ya mabaraza yaliyokufa, na kuipima upya orodha inayomweka yaya chini ya utingo. Vyama vinaweza kudai kwamba kila mkataba wa pamoja utanguliwe na tathmini ya kazi, na kwamba wafanyakazi wa wakala wahesabiwe ndani yake. Kuhusu usiri, Iceland tangu 2018 inawataka waajiri wenye watu 25 au zaidi kuthibitisha kwamba wanalipa sawa, na agizo la Umoja wa Ulaya la 2023 linampa mfanyakazi haki ya kujua wastani wa malipo ya wanaofanya kazi yenye thamani kama yake. Kampuni za Thika zinazouza Ulaya hazitakaa mbali na maswali hayo kwa muda mrefu; za mananasi zimeshawahi kuulizwa.

Mfanyakazi naye ana la kufanya leo. Ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo ni ushahidi, usifutwe. Tarehe za kazi, zamu na jina la msimamizi ziandikwe. Ikiwa mwajiri hana mkataba wa maandishi wa kuonyesha, sheria humtwika yeye mzigo wa kukanusha masharti anayodaiwa. Anayelipwa hadi shilingi 80,000 kwa mwezi anaweza kupeleka dai lake kwa hakimu, na mahakama ziko Thika na Ruiru. Muda wa kufungua dai ni miaka mitatu. Ikiwa dhuluma ilikuwa ya kuendelea, miezi 12 tangu ilipokoma. Dai la watu kumi wenye kumbukumbu za namna moja lina uzito kuliko la mmoja, kwa kuwa limebeba ulinganisho wake lenyewe.

Asilimia nyingine itatangazwa Mei Mosi fulani, na magazeti yataiweka ukurasa wa kwanza. Kwa mfanyakazi wa Ruiru, asilimia hiyo ikiwa moja kwa wote itamwongezea shilingi na kumwongezea pengo kwa wakati mmoja. Vyama vinavyoketi mezani kwa niaba yake vina kazi ya kuuliza swali linalotangulia asilimia: Ruiru inalinganishwa na nani, na kwa nini?